Waliteka Baghdad kwa Wiki Tatu. Na Mshahara wa Mei Je?

Jumamosi iliyopita mechi ya usiku ilikwisha sare, na kijana anayetuuzia kahawa nyuma ya steji ya Pangani, badala ya kuzima televisheni, akachomeka fleshi. Tulidhani ni muziki. Kumbe ni filamu ya hali halisi, ile watu wengi huita dokumentari, kuhusu vita vya Iraki: No End in Sight, ya Charles Ferguson, iliyotoka mwaka 2007. Ni ya zamani, lakini siku hizi kila taarifa ya saa moja ina vita vyake, na watu wanachimbua filamu za vita vilivyopita kama mtu anayetafuta risiti ya zamani.

Tulikuwa kama kumi hivi. Vijana wa boda, dereva wa malori ya Malaba, mwalimu mstaafu ambaye sote humwita Mwalimu tu, na soja wa jengo la mbele, aliyetazama filamu nzima akiwa wima mlangoni ili jicho moja lisitoke kwenye geti lake. Filamu ilipokwisha, ubishi ukawaka. Kijana mmoja wa boda alisema Marekani ilishinda, sanamu la Saddam si sote tuliliona likiangushwa? Mwalimu akasema ilishindwa vibaya. Dereva akasema yote ni mafuta, mengine ni porojo. Mwingine akasema watu wa kule wamekuwa wakichinjana tangu enzi za mababu, wangekuja Wamarekani wasingekuja yangekuwa yale yale. Katikati ya kelele hizo soja akauliza, na hakuna aliyemjibu: "Hao wanajeshi waliofutwa, mshahara wao wa mwezi wa tano alilipa nani?"

Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Katika yote yaliyosemwa usiku ule, ndilo lililogusa penyewe.

Kufukuza landilodi na kuendesha ploti

Tuanze na maneno, maana ubishi mwingi ule ulitokana na neno moja, vita, kubebeshwa kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni uvamizi: kuingia nchi ya watu kwa nguvu na kuiangusha serikali yake. Ya pili ni kuikalia nchi hiyo. Ukishamwondoa aliyekuwa akitawala, wewe sasa ndiye unayedaiwa maji, stima, takataka, polisi, hospitali na mishahara. Hii si hisani. Sheria za kimataifa, tangu Kanuni za Hague za 1907, zinasema anayeikalia nchi ana wajibu wa kurudisha utulivu na kulinda maisha ya raia. Mei 22, 2003, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1483 lililozitambua Marekani na Uingereza rasmi kuwa ndizo zinazoikalia Iraki. Ishike tarehe hiyo.

Chukulia umenunua ploti ya nyumba za kupanga kule Kayole, na landilodi wa zamani amekataa kutoka. Kumtoa ni kazi ya asubuhi moja: madalali, lori, vijana wanne wenye misuli. Kufikia saa sita vitu vyake viko barabarani na wewe unapigwa picha. Lakini jioni hiyo hiyo mpangaji wa ghorofa ya tatu anakuuliza mbona mfereji umekauka. Choo cha chini kimeziba. Na soja wa getini, ambaye ana funguo za milango yote na anamjua kila mpangaji kwa jina, anataka kujua kama bado ana kazi.

Kazi ya kwanza Marekani iliifanya haraka ajabu. Uvamizi ulianza Machi 20, 2003. Kufikia Aprili 9 vifaru vilikuwa katikati ya Baghdad na lile sanamu la uwanja wa Firdos likavutwa chini. Ni wiki tatu tu. Mei 1 Rais George W. Bush akahutubia kutoka kwenye meli ya kivita, nyuma yake bango likitangaza kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo yule kijana wa boda hakukosea. Alichokiona akiwa mtoto kwenye televisheni kilitokea kweli. Ila bango lilihusu kazi moja tu kati ya zile mbili, na waliolitundika hawakuijua tofauti, au hawakutaka kuijua.

Kuna watu walioijua. Februari 25, wiki chache kabla ya uvamizi, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Eric Shinseki, aliulizwa na maseneta ni askari wangapi watahitajika kuishika Iraki baada ya vita. Akasema mamia kadhaa ya maelfu. Siku mbili baadaye naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, akampinga hadharani. Alisema ni vigumu kufikiria kwamba kutuliza nchi kungehitaji askari wengi kuliko kupigana vita vyenyewe.

Hapo ndipo nilipomwona dereva wa Malaba akitikisa kichwa, na nadhani yeyote aliyewahi kufanya biashara mjini angetikisa. Kuvunja mlango wa duka moja la Luthuli kunahitaji watu wawili na mtaimbo. Kuyalinda maduka yote ya Luthuli usiku kucha kunahitaji mtu kila kona, kila usiku, bila kukosa. Kwa kulinda ndiko idadi inakohitajika. Wavamizi wote kwa jumla hawakufika askari 200,000, katika nchi yenye watu kama milioni 25.

Maandalizi nayo yalikuwa ya kusikitisha. Katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1942, miaka mitatu kabla ya Ujerumani kusalimu amri, Marekani ilifungua shule ya kuwafunza maafisa watakaotawala nchi zitakazotekwa. Safari hii ofisi ya kuisimamia Iraki, chini ya jenerali mstaafu Jay Garner, iliundwa Januari 20, 2003. Kutoka siku hiyo hadi bomu la kwanza hazikufika siku 60. Sisi hapa kamati ya harusi hukaa miezi sita.

Jumba la makumbusho na wizara ya mafuta

Mara serikali ilipoanguka, uporaji ukaanza. Wenye umri wa Mwalimu hawahitaji kuelezwa. Wanakumbuka Agosti 1, 1982, jaribio la mapinduzi, na jinsi maduka ya katikati ya Nairobi yalivyosafishwa kwa saa chache kwa sababu hakukuwa na wa kuzuia. Mwalimu anasema aliona mtu akibeba friji mgongoni peke yake, na hadi leo hajui alilifikisha wapi. Tofauti ni kwamba Nairobi ilitulizwa upesi. Baghdad iliporwa wiki baada ya wiki, askari wa kigeni wakitazama juu ya vifaru, maana hakuna aliyewaamuru wazuie.

Walipora wizara, hospitali, vyuo, hadi nyaya za stima zikang'olewa ukutani zikauzwe shaba. Maktaba ya taifa ikachomwa. Jumba la makumbusho la taifa, lenye vitu vya miji ya kwanza kabisa ya binadamu, likavunjwa na vitu kama 15,000 vikaondoka. Kimoja kilikuwa chombo cha mawe cha Warka, chenye umri wa miaka 5,000 hivi. Kilirudishwa mwezi Juni na watu waliofika na gari, chombo kikiwa kwenye buti, vipande vipande. Kinyago cha Warka, uso wa mwanamke uliochongwa karibu wakati huo huo, kilipatikana Septemba kimefukiwa shambani kwa mtu.

Ofisi ya Garner ilikuwa imewapa majenerali orodha ya mahali 16 pa kulindwa kwanza. Benki kuu namba moja, jumba la makumbusho namba mbili. Wizara ya mafuta ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Basi ikawa hiyo ya mwisho ndiyo iliyozungushiwa askari na vifaru, na ile ya pili ikaachwa milango wazi.

Mkoba wa dereva wetu wa "yote ni mafuta" unajazwa na jambo hili, na simlaumu. Mwiraki wa kawaida aliyetazama hospitali ya mtaa wake ikibebwa vitanda huku wizara ya mafuta ikilindwa angeelewa nini kingine? Lakini mafuta peke yake hayaelezi kilichofuata. Mtu anayetaka mafuta yako anahitaji mabomba yasilipuliwe, na mabomba ya Iraki yalilipuliwa miaka nenda miaka rudi. Tamaa inaweza kueleza kwa nini mtu aliingia. Haielezi kwa nini alishindwa hata kupata alichokitamani. Kwa hilo inabidi kusoma barua mbili.

Barua ya kwanza

Mei 12, 2003 alifika Baghdad balozi L. Paul Bremer, akachukua nafasi ya Garner, akiwa na mamlaka ya kutoa amri zenye nguvu ya sheria. Siku nne baadaye, Mei 16, akatia saini Amri Namba 1.

Amri hiyo ilihusu chama cha Baath, chama tawala cha Saddam Hussein. Ilisema wote waliokuwa katika ngazi nne za juu za chama wafutwe kazi ya serikali na wasiajiriwe tena. Zaidi ya hapo, katika kila wizara, chuo na hospitali, yeyote aliyekuwa kwenye ngazi tatu za juu za uongozi achunguzwe, na akipatikana alikuwa mwanachama, aondoke.

Ukisikia hivyo unasema sawa, wauaji waondoke. Kwa Mkenya, hata hivyo, kuna njia rahisi ya kuona tatizo. Kuanzia 1982 hadi 1991 nchi yetu ilikuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Vijana wa KANU walisimama kwenye steji na milango ya masoko wakidai kadi. Mwalimu alikuwa na yake, anayo hadi leo, imekunjwa ndani ya Biblia. Aliikata kwa sababu alipenda sera za chama? Aliikata kwa sababu alitaka kufundisha hesabu darasa la saba na kurudi nyumbani salama.

KANU iliposhindwa Desemba 27, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park siku tatu baadaye. Wakubwa kadhaa waliondolewa, mashirika yakabadilishwa mikono, na kelele zilikuwapo. Lakini Januari shule zilifunguliwa na walimu wale wale, waliokuwa na kadi zile zile, wakaingia madarasani. Januari hiyo hiyo, kumbuka, ndipo ofisi ya Garner ilipokuwa ikiundwa. Sasa fikiria mtu kutoka nje angefika Nairobi akaagiza kila aliyepanda ngazi ndani ya KANU afukuzwe pamoja na wakuu wa shule, wahandisi wa maji na wakuu wa wodi. Nani angejua valvu ya bomba la Sasumua iko wapi?

Makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi Iraki kwa amri hiyo. Kati yao walikuwamo watesaji, ndiyo, na walimu maelfu waliokuwa kama Mwalimu wetu.

Barua ya pili

Mei 23, siku moja tu baada ya Umoja wa Mataifa kuzitambua rasmi nchi zinazoikalia Iraki, ikatoka Amri Namba 2. Hii ndiyo iliyomfanya soja aondoe macho getini.

Ilivunja jeshi lote la Iraki, wizara ya ulinzi na vikosi vya ujasusi na ulinzi wa rais. Jeshi peke yake lilikuwa na watu kama 385,000. Amri iliahidi malipo fulani ya kuachishwa kazi, ila iliwatoa wale iliowaita wanachama wa ngazi ya juu, na ikaongeza kwamba kila mwenye cheo cha kanali kwenda juu atahesabiwa kuwa mmoja wao. Kwa hiyo afisa wa miaka 25 kazini, mwenye watoto watano, aliamka siku hiyo hana kazi, hana pensheni, na hana heshima mtaani. Bunduki ilikuwa bado nyumbani.

Wakati barua hiyo inaandaliwa, kanali mmoja wa Marekani, Paul Hughes, alikuwa Baghdad akizungumza na maafisa wa jeshi hilo. Walikuwa wameandikisha majina ya zaidi ya wanajeshi 100,000 waliotaka kurudi kazini au angalau kulipwa. Kwenye filamu anaeleza jinsi alivyosikia kwamba jeshi limevunjwa: kwa habari, kama sisi wengine. Richard Armitage, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje, naye anasema wizara yake haikuulizwa. Na mwezi Machi, kabla ya vita, Rais Bush mwenyewe alikuwa ameridhia mpango wa kulihifadhi jeshi la kawaida na kulitumia kwa ujenzi.

Haki itendeke kwa Bremer, maana alijitetea. Septemba 2007 aliandika gazetini kwamba hakuvunja kitu. Jeshi lilikuwa limejivunja lenyewe, askari wamekwenda makwao, kambi zimeporwa hadi vyoo, na wakubwa wake Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi, walijua kila hatua. Tena Wakurdi na Washia, ambao jeshi hilo liliwaua kwa maelfu, wasingekubali lirudishwe. Hoja hii si ya kutupwa. Kambi zilikuwa magofu kweli. Lakini askari aliyekwenda kwao hajafutwa. Anasubiri kuitwa, na soja yeyote anaijua tofauti kati ya lindo lililovunjika na barua ya kufutwa kazi. Ukimwita na kumwambia njoo uchukue mshahara, atakuja, hata akisimama tu foleni. Ukimpata kwenye foleni, umejua jina lake, kikosi chake na mtaa wake. Daftari la mishahara ndilo sajili bora ya ujasusi ambayo nchi inaweza kuwa nayo, na ndilo lililotupwa.

Mwenzetu mmoja alipinga hapo: hata Kenya ilivunja Jeshi la Anga baada ya jaribio la 1982, na mbingu hazikuanguka. Kweli. Lakini Jeshi la Anga lilivunjwa wakati jeshi la nchi kavu liko kambini, polisi wako kazini, machifu na manaibu wao wako vijijini, na askari wa anga wenyewe wako korokoroni wakisubiri kesi. Kulikuwa na mwenye kuvunja na mwenye kushika. Baghdad walivunja vyote kwa mpigo, na mikono ya kushika haikuwapo.

Kwa hiyo, jibu la soja. Mshahara wa Mei haukulipwa. Wanajeshi walianza kuandamana Baghdad wakiudai. Juni 18 waliandamana mbele ya makao ya Bremer, askari wa Marekani wakafyatua risasi na wawili wakauawa. Siku tano baadaye Bremer akatangaza kwamba wanajeshi wa zamani watapewa posho ya kati ya dola 50 na 150 kwa mwezi. Pesa zilikuwapo, kumbe. Zilichelewa mwezi mmoja, na mwezi huo ulitosha.

Mwezi mmoja unafanya nini? Nchi ilikuwa imejaa maghala ya silaha yasiyo na mlinzi. Ghala moja tu, Al Qaqaa, kusini mwa Baghdad, lilipoteza zaidi ya tani 300 za vilipuzi vikali. Sasa weka vitu hivi karibu karibu: watu wanaojua kutega bomu, mabomu yasiyo na mwenyewe, na nyumba isiyo na unga. Akatokea mtu na bahasha, anakuambia ufukie kitu kando ya barabara usiku. Si lazima uwe unampenda Saddam. Si lazima uwe na itikadi yoyote. Aibu ya kufutwa inakusukuma, bahasha inakuvuta.

Hao ndio waliochanganyika na wapiganaji wa jihadi, wa kina Abu Musab al-Zarqawi, waliokuwa na ukatili na fedha lakini wakikosa ujuzi wa kijeshi na wenyeji wa kuwaficha. Agosti 19, 2003 lori la vilipuzi lililipua ofisi za Umoja wa Mataifa katika Hoteli ya Canal. Watu 22 walikufa, akiwamo mjumbe maalumu Sergio Vieira de Mello. Nairobi, iliyopitia bomu la ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998, haifundishwi saa ya kwanza baada ya mlipuko kama ule inavyokuwa. Mashirika ya kimataifa yakaanza kufunga virago, na ujenzi mpya ukabaki wa kutembea na bunduki.

Wakenya walifikiwa na mkono huo pia. Julai 2004 madereva watatu wa Kenya walitekwa nyara Iraki pamoja na Wahindi watatu na Mmisri mmoja. Walikuwa wakiendesha malori ya kampuni ya uchukuzi ya Kuwait. Waliachiliwa Septemba 1. Dereva wetu wa Malaba aliyakumbuka yote hayo ghafla. Wakati huo, akasema, yeye mwenyewe alikuwa ameulizia kazi hizo, mkewe akakataa.

"Wamechinjana tangu zamani"

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana linatumiwa na kila anayetaka kunawa mikono.

Iraki ina Washia, ambao ni wengi, Wasuni, Wakurdi, na wengine wachache. Saddam aliwakandamiza Washia na Wakurdi bila huruma, hilo halina ubishi. Lakini kukandamizwa na serikali si sawa na jirani kumchinja jirani. Baghdad ya kabla ya 2003 ilikuwa na mitaa iliyochanganyika na ndoa zilizochanganyika. Watu walijua nani ni nani, kama sisi tunavyojua, na maisha yakaendelea.

Usalama wa dola ulipotoweka, kila mtu alijiuliza nani atamlinda usiku. Kamati ya mtaa, kundi la msikiti, jamaa wa ukoo. Makundi hayo yakawa majeshi. Februari 22, 2006 msikiti wa al-Askari wa Samarra, mtakatifu kwa Washia, ulipolipuliwa, mauaji yakafunguka kama bwawa. Vizuizi vya barabarani vikatokea, watu wakidai kitambulisho wasome jina. Kuitwa Omar, jina la Kisuni, kulitosha kuuawa, na kina Omar wengi walitafuta vitambulisho vya bandia.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kenya maana ya kizuizi ambapo kijana mwenye panga anasoma jina lako la mwisho. Januari 2008 barabara za Bonde la Ufa zilikuwa navyo. Na tulisikia watu wa nje wakieleza kwamba makabila yetu yana chuki za kale, nasi tuliochangia ukuta mmoja na choo kimoja miaka ishirini tukashangaa wanazungumzia akina nani.

Silaha za maangamizi, sababu iliyotangazwa ya kuingia, hazikupatikana. Wakaguzi wa Marekani wenyewe waliandika hivyo mwaka 2004. Sirefushi hapo.

Ila pesa zinahitaji mistari miwili. Mamlaka ya Bremer iliingiza Iraki karibu dola bilioni 12 za noti, zikiletwa kwa ndege zikiwa zimefungwa kwenye mapaleti, uzito wake tani 363. Mkaguzi maalumu alipopita Januari 2005 alikuta dola bilioni 8.8 hazina hesabu za kueleweka. Mwaka uliotangulia sisi ndio tulikuwa tunaanza kujifunza jina Anglo Leasing, ile kashfa ya kandarasi hewa za serikali, na kujiona tumevunja rekodi.

Filamu yenyewe tuiamini?

Mwalimu ana tabia ya kusema "nimeona kwenye dokumentari" kama anayesema "nimeona kwenye Kurani". Sivyo. Filamu ya hali halisi hujengwa kwa watu na picha za kweli, lakini kuna mtu aliyechagua nani aongee, akatwe wapi, na nani amfuate. Ni kama wakili anavyopanga mashahidi: kila shahidi ni wa kweli, mpangilio ni wa wakili.

Nguvu ya hii ni mashahidi wake. Wengi si wapinga vita wa mitaani. Ni Garner, ni Hughes, ni Armitage, ni Barbara Bodine aliyepewa kuisimamia Baghdad. Walioaminiwa kazi wakasimulia ilivyowaharibikia. Wakubwa wa uamuzi, kina Rumsfeld, Cheney, Rice, Wolfowitz na Bremer, waliombwa wakakataa kuhojiwa.

Udhaifu wake ni swali lenyewe ililochagua. Inauliza kwa nini kazi ilifanywa vibaya, haiulizi kama ilifaa kufanywa. Ukitoka hapo unaweza kudhani kwamba kwa askari zaidi na barua mbili pungufu, uvamizi ungekuwa mzuri. Mimi sidhani. Ploti inayonunuliwa kwa hati ya uongo haitakasiki kwa kumlipa soja vizuri.

Tena iliishia 2007. Askari wa Marekani waliondoka Desemba 2011, wakiwa wamepoteza wenzao karibu 4,500. Wairaki waliokufa ni zaidi ya laki moja kwa hesabu ya chini kabisa. Juni 2014 wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu waliuteka Mosul, na miongoni mwa makamanda wao walikuwamo maafisa wa zamani wa jeshi la Saddam, wale waliofutwa kwa barua. Jeshi jipya lililojengwa na Wamarekani kwa mabilioni likavua sare likakimbia.

Mwishoni mwa mwaka huo waziri mkuu mpya, Haider al-Abadi, alikagua daftari la mishahara ya jeshi hilo jipya. Akakuta askari hewa 50,000: majina yanayolipwa kila mwezi, watu hawapo.

Juzi nilipopita Pangani nilimweleza soja haya yote, pale pale getini kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akahamisha rungu kutoka kwapa moja hadi lingine.

"Kwa hivyo wasiokuwapo," akasema, "hao walilipwa kwa wakati."